MJADALA: Tajiri akipewa umeya, mji unafaidika au anafaidika yeye? Tumwangalie Pingree wa Detroit

Wakuu habari za jioni.

Kila uchaguzi ukikaribia hii hoja lazima iibuke: tumpe mfanyabiashara maana hela anazo tayari, hana haja ya kuiba, na kama kampuni haikumshinda, mji nao hautamshinda. Upande wa pili wanajibu tajiri anaingia kulinda biashara zake tu. Tunabishana hivyo miaka nenda rudi bila kumtazama mtu aliyeifanya hiyo kazi, kwa hiyo leo naleta mtu mmoja tumjadili. Hazen Pingree, mwenye kiwanda cha viatu, meya wa Detroit huko Marekani kuanzia 1890 mpaka 1897. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kilichoisaidia Detroit sio hela za Pingree, ni kwamba alikubali kugombana na matajiri wenzake mpaka wakamtenga. Hapo ndo pa kumpimia mgombea yeyote mwenye mali.

Kwanza mjue hakuzaliwa nazo. Kazaliwa 1840 kijiji cha Denmark, jimbo la Maine, kaanza kazi za viwandani akiwa bado mdogo, baadae akawa mkata ngozi kwenye kiwanda cha viatu Massachusetts. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipokuja akaingia jeshi la Kaskazini, 1864 akatekwa na kupelekwa Andersonville kule Georgia, kambi ya mateka ambayo walikufa wafungwa karibu 13,000 kwa njaa na magonjwa. Akatoka hai. Vita ikaisha, akahamia Detroit, na mwishoni mwa 1866 yeye na mwenzake Charles Smith wakanunua kiwanda kidogo cha viatu kwa dola 1,360. Miaka 20 mbele Pingree & Smith ina wafanyakazi zaidi ya 700 na mauzo yanakaribia dola milioni moja kwa mwaka. Kwa hesabu za enzi hizo huyo ni tajiri hasa.

Sasa 1889 matajiri wa Republican walikuwa wanatafuta mtu wa kuichukua ofisi kutoka kwa Democrats, wakamfuata yeye kwa sababu ni mwenzao, wanakula naye, wanasali naye, wakijua akiingia atabana matumizi, atapunguza kodi, mambo yaishe hapo. Yeye mwenyewe alikuwa hataki, anasema ana viatu vya kutengeneza. Wakamlazimisha, akashinda.

Na hali aliyoikuta ilikuwa mbaya jamani. Barabara nyingi zilikuwa zimetandikwa vipande vya mti wa mwerezi, vinaoza, wakandarasi wanakula pamoja na madiwani halafu vinatandikwa vingine vilevile. Tramu, gesi, taa za barabarani, vyote viko mikononi mwa kampuni binafsi zenye mikataba mirefu. Kampuni ya tramu ilikuwa bado inavutisha mabehewa kwa farasi wakati miji mingine inaweka umeme, na haikuwa na haraka yoyote kwa sababu abiria hana pa kwenda.

Hapo kwenye mikataba ndo ule ujuzi wa kiwandani ulimfaa, hilo nakubali. Mtu aliyekaa miaka 20 anakokotoa gharama ya kila jozi ya viatu ukimletea bei ya kilomita moja ya barabara au ya taa moja kwa mwaka, anajua unamlalia. Lakini kujua unalaliwa ni kitu kimoja na kufanya kitu ni kingine, maana wale waliokuwa wanaulalia mji walikuwa marafiki zake.

Kwa mimi kipimo chenyewe kilikuja Aprili 1891. Wafanyakazi wa tramu waligoma, mji mzima ukawaunga mkono, watu wakang'oa reli barabarani. Kampuni ikataka meya aite askari wa jimbo. Pingree naye ana kiwanda, ana wafanyakazi mamia, kwa akili ya kawaida ungetegemea asimame na mwajiri mwenzie. Akakataa kuita askari, akasema wakae mezani wapatanishwe. Toka hapo hakurudi nyuma. Aliisukuma kampuni ya tramu mwaka hadi mwaka, mwisho akakaribisha kampuni pinzani, na 1895 ikaanza kubeba watu kwa nauli ya senti 3 wakati nauli iliyozoeleka ni senti 5. Msione senti 2 ni kitu kidogo, kibarua anapanda kwenda na kurudi siku sita kwa wiki, piga hesabu hiyo kwa mshahara wa wakati ule.

Taa za barabarani nazo, 1893 wananchi wakapiga kura mji ujenge mtambo wake wa umeme, 1895 ukawashwa. Na 1894 aliingia kwenye kikao cha bodi ya elimu akiwa na polisi, wajumbe wanne wakakamatwa palepale kwa tuhuma za rushwa. Wajumbe wenyewe walikuwa watu wa heshima zao mjini.

Halafu kuna viazi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo anachokumbukwa nacho. 1893 uchumi wa Marekani ulianguka vibaya, benki zikafunga, viwanda vikafunga, Detroit ikajaa watu hawana kazi, wengi wao wahamiaji kutoka Poland na Ujerumani ambao walikuwa wakulima kwao kabla ya kuvuka bahari. Mfuko wa misaada wa mji ukawa unaelekea kukauka. Pingree akaona mji umezungukwa na ardhi tupu ambayo wenye nayo wameikalia wanasubiri bei ipande. Akawaomba waiachie kwa msimu. 1894 zikapatikana ekari 430, zikakatwa vipande, familia zaidi ya 900 zikapewa kulima viazi mviringo, maharage na mboga. Mbegu na kulimisha vilihitaji hela, akapitisha mchango makanisani kwa wenye nazo, kikapatikana kitu cha aibu, basi akampiga mnada farasi wake mwenyewe aliyekuwa anampenda sana. Magazeti yalimcheka na kumpa jina la viazi. Mavuno yalipotoka thamani yake ilizidi gharama mara kadhaa, na miji mingine ikiwemo Buffalo na Boston ikaiga.

Na bei aliyolipa? Benki aliyokuwa mkurugenzi ikamtoa kwenye bodi. Kanisani akapoteza benchi la familia, maana enzi hizo wenye uwezo walilipia benchi zao. Magazeti yakawa hayachapi maneno yake akawa anabandika matangazo yake nje ya ukumbi wa jiji watu wasome. Lakini alishinda umeya mara nne mfululizo. Waliomweka ndo waliomkimbia na waliokuwa hawamjui ndo waliombakiza.

Karibuni tujadili, naomba tutumie hoja sio kejeli.

—

Nimerudi wakuu, nimesoma michango yote, nijibu ile mizito.

Kuna ndugu kasema viazi ilikuwa takrima tu ya kutafuta kura za Wapolandi. Mkuu, kura alizipata kweli, hao walikuwa wanapigia Democrats na wengi wakahamia kwake, silikatai hilo. Lakini takrima unapewa ukiwa umekaa, jioni imeisha. Huyu kampa mtu ardhi na mbegu, jasho ni la mlimaji mwenyewe na mavuno ni ya mlimaji mwenyewe. Na uchaguzi ukipita mashamba hayakufungwa, yaliendelea misimu iliyofuata. Kama mwanasiasa anapata kura kwa kulisha watu kwa jembe lao wenyewe mi sioni kosa liko wapi.

Mwingine kasema Pingree alikuwa na hulka ya udikteta. Hii hoja naiheshimu. Novemba 1896 alichaguliwa gavana wa Michigan na akataka kushika vyeo vyote viwili, ugavana na umeya, kwa pamoja, mpaka Mahakama Kuu ya jimbo ilipomkatalia 1897 akaachia umeya. Hilo lilikuwa baya na mahakama ilifanya sawa. Na mwisho wa ugavana wake kuna maafisa waliohusika na wizi wa sare za jeshi la jimbo, akawasamehe siku za mwisho mwisho za utawala wake, mtu aliyekamatisha wajumbe wa bodi ya elimu kwa rushwa! Mi hilo limeniuma kulisoma na sitalitetea. Ninachokataa ni kutumia hayo kufuta nauli na taa, kwa sababu tramu ya senti 3 ilimbeba kibarua hata kama meya ana kiburi.

Dada mmoja kauliza swali zuri, mbona mfano wa Marekani wakati Tanzania meya anachaguliwa na madiwani? Ni kweli na tofauti hiyo ni kubwa. Pingree alipigiwa kura na wananchi moja kwa moja, ndo maana aliweza kugombana na madiwani wala rushwa na bado akabaki ofisini. Angekuwa anachaguliwa nao wangemmaliza muhula wa kwanza. Kwa hiyo anayetaka meya wa aina hii aanze na swali la nani anamchagua, naona ungefunguliwa uzi wake kabisa.

Kuna mzee kaleta William Ogden, meya wa kwanza wa Chicago 1837, kwamba yule alikuwa na ardhi kila kona, kajenga barabara na madaraja, katajirika na mji ukatajirika pia, kwa hiyo hakuna haja ya kugombana na mtu. Shikamoo mzee, lakini Chicago ya 1837 ilikuwa na watu kama 4,000 tu. Mji ukiwa mchanga hivyo faida ya mwenye ardhi na faida ya mkazi zinatembea njia moja, daraja likijengwa wote wanavuka. Detroit ya 1890 ilikuwa imeshapita watu 200,000, na pale faida ya mwenye tramu inatoka mfukoni kwa abiria moja kwa moja. Meya anatakiwa achague upande, Ogden hakubanwa namna hiyo.

Na mwisho kwa wale wanaosema tajiri ni tajiri habadiliki. Miaka ile ya senti 3, mtu aliyekuwa anaziendesha tramu za Detroit upande wa kampuni na kupambana na Pingree uso kwa uso ni Tom Johnson, mfanyabiashara mkubwa wa tramu na chuma. 1901, mwaka ambao Pingree alifia London akiwa safarini, huyo huyo Johnson aligombea umeya wa Cleveland na akashinda, na ahadi yake kubwa kwa wapiga kura ilikuwa nauli ya senti 3. Wanaoshikilia hoja hiyo naomba wanielezee hapo kwa Johnson kulitokea nini.