Asilimia 25 ya mnada ikipotea, ni haki?

Mwenyeji wa Ilazo: Wakuu, wiki juzi nilimsindikiza jirani kwenye mnada wa nyumba Nkuhungu, hapa Dodoma, mwenye nyumba kashindwa mkopo wa benki. Masharti: mshindi alipe asilimia 25 papo hapo, iliyobaki ndani ya siku 14, akichelewa robo yake imekwenda. Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, "madeni yote ya nyumba ni ya mnunuzi." Jirani kashinda kwa milioni 38, akahesabu milioni tisa na nusu pale pale chini ya mwarobaini. Sasa mkopo aliotegemea kumalizia unazungushwa, leo siku ya 11. Hela yote hiyo iliwe, ni haki?

Dalali Mstaafu: Ikipotea ni haki, hailiwi bure, inafidia hasara. Nyundo ikigongwa kwa mtu asiye na fedha, mnada unarudiwa, tangazo upya, siku 14 nyingine, riba inampanda mdaiwa. Hata minada ya mahakama ni robo palepale, iliyobaki ndani ya siku 15. Wewe ulimsindikiza mtu mnadani hana hela.

Mwenyeji wa Ilazo: Mzee, shikamoo kwanza. Aliyetoa milioni tisa na nusu taslimu ndiye "hana hela"? Ninyi madalali ndio mmezoea kutuona wote ombaomba.

Kijana wa UDOM: Hiyo 25 si ile ya Sheria ya Ardhi, kwamba nyumba isiuzwe chini ya asilimia 25 ya thamani?

Dalali Mstaafu: Mdogo wangu, umechanganya. Ile inamhusu benki: akiuza kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, anahesabiwa hakutafuta bei nzuri, mpaka athibitishe vinginevyo. Anayelalamikia hiyo ni mdaiwa, siyo mnunuzi.

Mama Kisasa: Jamani robo ni mwanzo tu. Mimi nilinunua ya mnada 2019. Ushuru wa stempu asilimia 1, sawa. Nikakuta pango la ardhi halijalipwa miaka sita, na hati ni ile ya miaka 33 ya CDA, iliyokuwa mamlaka ya ustawishaji makao makuu, ikabidi nihangaike kuibadili. Mdaiwa kakaa ndani miezi saba. Siku anatoka kang'oa soketi, vitasa, hadi sinki la choo, tundu nimeziba kwa mfuko wa saruji. Alichoacha ni mizabibu uani, mistari minne. Agosti nikavuna, ndiyo faida pekee niliyoiona.

Mgogo Halisi: Mama, umevuna zabibu za mtu?

Mama Kisasa: Za mtu gani? Uwanja wangu, hati yangu.

Mgogo Halisi: Sheria inahesabu ardhi pamoja na majengo na vinavyoota vyenyewe. Mzabibu umeota wenyewe? Mtu kachimba shimo, kamwaga samadi, kavuta waya, kasubiri miaka mpaka uzae. Halafu wewe unakuja na ndoo.

Kijana wa UDOM: Kwa hiyo na mwembe akaung'oe ahamie nao Manyoni?

Mgogo Halisi: Usinitanie, kijana. Baba yangu kanisomesha kwa zabibu za Hombolo. Ninyi mnaonunua minadani mnakula machozi ya watu.

Mama Kisasa: Machozi? Sinki langu alilipeleka wapi? Mkopo kachukua yeye, mkewe kasaini ridhaa, hela wakala. Mimi nimelipia nyumba, sijalipia msiba.

Dalali Mstaafu: Kama tangazo halikuitenga mizabibu, imeuzwa na kiwanja. Ila ungemwachia mavuno yale ya kwanza, mama. Uungwana tu.

Mama Kisasa: Uungwana wa sinki uko wapi?

Wa Area D: Mwenyeji, jirani yako aandike barua LEO kuomba kuongezewa muda, apate nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Siku 14 zikishapita hana pa kushika.

Mwenyeji wa Ilazo: Ahsante mkuu, ndiye pekee uliyesoma swali. Barua aipeleke kwa dalali au benki inayouza?

Mgogo Halisi: Tulia kwanza, ndugu. Mama, zilikuwa nyekundu au nyeupe?

Mama Kisasa: Nyekundu. Na tamu kweli.