Krismasi zamu yetu, wageni 40 na nusu yao Waislamu: mbuzi na pilau tupangeje? (Tanga)

BintiChumbageni:
Shikamooni wakubwa, wengine habari za joto. Mwaka huu ukoo unakutania kwetu Chumbageni. Wapo wanaoshuka kutoka Lushoto na Korogwe, na majirani hawawezi kukosa. Jumla 40 hivi, karibu nusu Waislamu. Tuna mbuzi mmoja wa kama kilo 25 akiwa hai, friji dogo na mafiga ya uani. Mama kasema pilau, hataki kusikia kingine. Mbuzi achinjwe tarehe 24 jioni au 25 asubuhi? Mchele kilo ngapi? Na majirani wale kwa amani, tuzingatie nini? Watoto nao wanadai mti.

UstadhMakorora:
Anza na mchinjaji, mchele baadaye. Awe Muislamu ambaye majirani zako wanamfahamu. "Tumechinja halali" ikitoka kwa mtu wasiyemjua, watakula matunda na soda tu, na hawatakwambia kwa nini. Kisu kikali, bismillahi, damu itoke yote ndipo achunwe.
Lakini panapoharibika zaidi ni kwenye vyombo. Sufuria, mwiko, kisu au kigogo cha kukatia kilichopitia kitimoto kisisogee hapo, hata kama kimesuguliwa kwa mchanga. Azima masufuria ya shughuli kwa jirani Muislamu mwenyewe, na swali limekwisha. Bia zikiwepo zikae kwenye pozeo lake na glasi zake, mbali na jamvi la chakula.

BuchaMgandini:
Mbuzi wa kilo 25 atakupa nyama kilo 11 au 12 na mifupa yake, hesabia hapo. Jioni ya 24 asile, maji anywe. Tumbo likijaa hupasuka kirahisi wakati wa kutoa matumbo, na uchafu ukigusa nyama ya paja harufu haitoki.
Achinjwe 25 alfajiri, saa 11. Ukichinja jioni ukashindilia nyama ya moto kwenye friji dogo, nje inapoa, katikati inabaki vuguvugu usiku kucha. Asubuhi imeanza kuchacha karibu na mfupa. Mchinjaji akipatikana 24 tu, ikate, ichemshe usiku huo huo na chumvi na tangawizi. Ikipoa igawe kwenye vyombo vifupi iingie friji, alfajiri ichemke upya dakika 10.

MwikoMrefu:
Mchele kilo 6, na usipike sufuria moja. Kilo 6 pamoja huelemeana: chini bokoboko, juu kiini. Pika mbili za kilo 3.

Kwa kila sufuria: nyama kilo 4, vitunguu maji kilo 1, mafuta nusu lita, viazi kilo 1 na nusu, vitunguu swaumu vichwa 3 vilivyotwangwa na tangawizi ya kujaa kiganja. Bizari nzima vijiko vya chakula 4, pilipili manga kimoja na nusu, iliki 25, mdalasini vijiti 5, karafuu 15 tu. Karafuu zikizidi ulimi unakufa ganzi na hakuna dawa.

Nyama ichemke kwanza mpaka ilainike, supu uiweke kando. Rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu, kwa hiyo kaanga mpaka kiwe kama chai ya rangi iliyokolea. Hapo usiondoke! Toka kahawia hadi cheusi ni dakika moja, na kikiungua sufuria nzima ni chungu. Tia swaumu na tangawizi, bizari, nyama, viazi, kisha supu. Onja: iwe na chumvi kidogo kupita unavyopenda, maana mchele utaifyonza. Ichemke ndipo utie mchele uliolowekwa nusu saa na kuchujwa.

BintiChumbageni:
Supu kiasi gani? Hapo ndipo huwa tunakwama.

MwikoMrefu:
Kilo 3 ni kama vikombe 15. Nyumbani mnazoea kikombe kwa kikombe na nusu, sasa sufuria kubwa hupoteza mvuke kidogo ukilinganisha na kilichomo, na mchele umeshakunywa maji. Tia vikombe 20, na kimoja zaidi cha moto kiwe pembeni. Mchele mpya wa Kyela hunywa kidogo kuliko wa zamani, kwa hiyo pika kikombe kimoja tarehe 20 uujue tabia.
Supu ikishuka usawa wa mchele, geuza mara moja kwa mwiko kutoka chini. Mara moja tu, ukikoroga unavunja punje. Funika, vuta kuni zote, bakiza makaa machache chini, palia mengi juu ya mfuniko. Dakika 30, usifunuefunue.

MzeeRaskazone:
Mti: tawi la mvinje, urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Omba la uani kwa mtu, ile ya ufukweni imeshika mchanga, iacheni. Kata tarehe 23, si mapema, vijani vyake hukauka na kumwagika sakafuni. Ndoo, kokoto nusu, mchanga juu, maji kila asubuhi. Taa zizimwe mkilala.

BintiChumbageni:
Asanteni sana. Kachumbari nikate asubuhi?

MwikoMrefu:
Kata saa 5, vitunguu uvioshe kwa chumvi na kuvikamua, nyanya ziwe bakuli jingine. Chumvi na ndimu ya mwisho utie sinia zikiwa zinatoka. Ukitia mapema nyanya hutoa maji, na pilau uliyoihangaikia inageuka uji pembeni ya sahani.
Na ukoko ubanduliwe ukiwa wa moto, wagombanie watoto.