Naomba ushauri: vifaranga vya bata mzinga vinadhoofu, niko Masasi

Habari zenu wakuu. Nafuga bata mzinga wachache nyumbani, hapa Masasi. Kutotoa hakunisumbui, jike analalia vizuri siku zake 28 na mayai mengi yanaanguliwa. Tatizo linaanza vikishakua kidogo. Kifaranga anasinzia, mabawa yanashuka hadi yanagusa chini, anajitenga na wenzake, kinyesi chake cha majimaji na cha njano kabisa, rangi ya kiberiti. Baada ya hapo hachukui muda, anakufa. Inauma sana, maana ni ndege mpole na ukimzoesha anakufuata mpaka mlangoni.

Chanjo ya mdondo wamepata. Kuku wa kienyeji wa hapa nyumbani hawana dalili yoyote, na wote wanachakura uwanja mmoja chini ya mikorosho. Nimesikia kuku anaweza kubeba ugonjwa wa ini kupitia minyoo, yeye asiumwe lakini bata mzinga akafa. Kama ndio huo, je, kuwapa kuku dawa ya minyoo kunatosha, au lazima niwahamishe kabisa? Na udongo wenyewe unasafishwaje?

Jingine ni chakula. Najua vifaranga hawa wanahitaji protini nyingi kuliko vya kuku, ila huku chakula chao maalumu sikioni madukani. Nachanganya pumba, mashudu na dagaa wa kusaga. Mnaofuga Mtwara na Lindi, mnachanganya kwa vipimo gani?