Mama ana insulini, mbona sukari haishuki?

wa_Kichangani
Wakuu, habari za jioni. Naomba mnieleweshe, maana nimetoka kliniki na mama bila kuelewa kitu, na niliona aibu kuuliza mara ya tatu wakati foleni imefika mlangoni.

Mama ana miaka 58, anakaanga vitumbua hapa mtaani tangu nikiwa darasa la pili. Mwezi uliopita alianza kuamka usiku mara nne, mara tano kwenda haja ndogo, na kiu haimwishi. Alipopimwa sukari asubuhi kabla ya kula chochote, 11.4 mmol/L. Siku nyingine tukarudia, 10.9. Daktari kasema ni kisukari, kamwandikia vidonge vya metformini, akasema, "Insulini mwili wake unatengeneza, ila seli haziitikii." Basi, tukatoka. Sasa kuna jirani yetu anachoma sindano za insulini miaka mingi, anamwambia mama kapunjwa, vidonge ni vya kumtuliza tu.

Swali langu: kama insulini ipo na sukari ipo, kinachokwamisha ni nini? Seli "kuitika" ndiyo kufanyaje? Mimi nilisoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), biolojia niliiacha kidato cha nne, tena kwa furaha.

kaka_mlonge
Mpe unga wa mlonge asubuhi na jioni, hayo ya seli waachie wenyewe. Utanishukuru.

Mwl_Mstaafu
Marahaba, hata kama hujaniamkia. Nimefundisha biolojia miaka 31, na kisukari ninacho mwaka wa tisa huu, kwa hiyo nakujibu kwa chaki na kwa vidonge. Mlonge mama ale kama mboga, ni mtamu na nazi. Dawa asiache.

Kosa lilianzia kwetu walimu. Miaka yote niliandika ubaoni kwamba insulini ni ufunguo unaoingia kwenye kufuli la seli. Wanafunzi wakatoka wanaamini insulini inaishika sukari mkono na kuingia nayo ndani. Haibebi kitu. Insulini ni hodi.

Kongosho, lililojibanza nyuma ya mfuko wa chakula, likihisi sukari imepanda kwenye damu huachia insulini. Ni protini ndogo, amino asidi (yaani matofali ya protini) 51 tu, inazunguka na damu mwili mzima. Ikifika kwenye seli ya msuli inakuta kipokezi, nacho ni protini kubwa iliyochomekwa kwenye utando wa seli, kichwa kiko nje barazani, mkia uko ndani. Insulini inakishika kile kichwa. Hapo hodi imepigwa, na mpigaji bado yuko nje.

Patamu ni ndani. Ule mkia unajibandika vipande vya fosfeti, protini ya jirani inavidaka na kuamka, inaamsha nyingine, nayo inaamsha nyingine, kama habari ya msiba inavyopita nyumba kwa nyumba alfajiri. Mwishoni habari inafika kwenye vifuko vidogo vilivyotunza milango ya sukari. Milango hiyo inaitwa GLUT4. Vifuko vinasukumwa hadi pembezoni, milango inapachikwa kwenye utando, na sukari inaingia kupitia huko. Hodi imepigwa mlango wa mbele, mzigo umeingia wa uani.

Sasa mama yako. Hodi inapigwa, wenyeji wamo, lakini habari inafia njiani. Milango ya uani haitoki stoo ya kutosha, sukari inabaki barabarani, yaani kwenye damu. Kongosho nalo linapaza sauti: insulini zaidi, na zaidi. Linaweza kumudu hivyo miaka mingi, na mtu asijijue, mpaka siku linachoka. Hapo ndipo mnaona 11.4.

Umesema hakuwa amekula. Umejiuliza hiyo sukari imetoka wapi? Imetoka kwenye ini lake mwenyewe. Ini huachia sukari usiku ili ubongo usilale njaa, na insulini ndiyo huliambia "inatosha". Ini la mama halisikii, linaendelea kupika. Metformini inafanya kazi hapo hasa, inalipunguzia ini upishi. Kwa hiyo hajapunjwa. Jirani yenu pengine kongosho lake halitoi insulini kabisa, au limeshachoka, na huyo bila sindano hawezi. Jina la ugonjwa ni moja, lakini palipoharibika ni pawili.

Sista_Maabara
Shikamoo Mwalimu. Hodi nimeipenda na nitaiiba, ila naongeza mambo mawili.

Kwanza, umewasema wenyeji kama wavivu. Wamechoshwa! Seli ikipigiwa hodi kutwa kucha huvimeza baadhi ya vipokezi vyake, ikabaki na vichache barazani. Lakini kwa kisukari cha aina ya mama huyu, shida kubwa zaidi iko baada ya kipokezi, kwenye ule mnyororo wa ndani. Mafuta yaliyojikusanya ndani ya ini na misuli yanavuruga zile protini za kupokezana habari. Ndiyo maana wengi wakipungua uzito, insulini ileile ya jana inaanza kusikika.

Pili, dada, kliniki ijayo ulizia kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, na sukari inajiganda juu yake muda wote huo. Huwezi kuidanganya kwa kufunga kula siku mbili kabla ya kliniki, kama wafanyavyo wagonjwa wetu halafu wanatuangalia usoni.

wa_Kichangani
Shikamoo Mwalimu, samahani sana. Ahsante Sista. Leo ndiyo nimeelewa nilichokikimbia kidato cha nne.

Nina mawili. Daktari alisema atembee, nikadhani ni maneno ya kumfariji tu. Kutembea kunahusikaje na vipokezi? Halafu mama ana pumu, na miezi miwili iliyopita kifua kilimbana akapewa prednisoloni siku tano. Shangazi anasema ndiyo iliyoleta kisukari.

Mwl_Mstaafu
Kutembea si faraja. Msuli unaofanya kazi husogeza GLUT4 pembezoni wenyewe, bila kusubiri insulini. Ni mlango wa uani unaofunguliwa na watu wa ndani, kwa hiyo hata kipokezi kikiwa kiziwi, sukari inapita. Juzi nilikula ubwabwa, nikapima 9.8, nikatembea hadi sokoni na kurudi, dakika 40, nikapima tena: 7.6. Mke wangu akasema nimetoroka kuosha vyombo. Yote mawili kweli.

Prednisoloni ni hadithi nyingine. Ni ya ukoo wa homoni za steroidi, na hizo hazipigi hodi. Zinayeyuka kwenye mafuta, na utando wa seli ni mafuta, kwa hiyo zinapenya moja kwa moja kama shemeji anayeingia hadi jikoni. Kipokezi chake kiko ndani. Vinashikana, vinaingia kwenye kiini cha seli, na huko vinawasha jeni hizi na kuzima zile. Ini linaagizwa kutengeneza sukari, misuli inazidi kuwa mizito kuisikia insulini. Kwa kuwa kazi ni ya kubadili jeni, matokeo yanachukua saa kadhaa kuonekana.

Lakini dawa ya siku tano ikiisha, na athari yake hufifia baada ya siku chache. Haiwezi kueleza 11.4 ya wiki kadhaa baadaye. Mwambie shangazi kisukari kilikuwa kinakuja polepole, prednisoloni huenda ilimsukuma tu kwa muda. Ila daktari aambiwe, ili pumu ikimbana tena wapime sukari mara kwa mara. Na asiikatae dawa ya pumu kwa kuogopa sukari! Pumzi kwanza.

Sista_Maabara
Naunga mkono hilo la pumzi. Na viatu, dada. Asitembee na kandambili zilizokatika. Kidonda cha mguu kwa mwenye sukari ni kesi nzito.

wa_Kichangani
Nimemsomea mama yote. Kacheka sana kwenye ini. Anasema, "Kumbe na lenyewe linaamka saa tisa kukoroga unga bila kutumwa!" Kakubali kutembea jioni, baada ya kuosha makarai. Ila anauliza, kile kitumbua kimoja cha asubuhi cha kuonja kama sukari imekolea, nacho kinahesabika?

Mwl_Mstaafu
Kinahesabika. Aonje mjukuu.