Upwork, Fiverr, kuandika sauti au mteja wa moja kwa moja: wapi saa yako inalipwa?

Fundi_Maneno (Morogoro)
Wakuu, habari za jioni. Ninatafsiri Kiingereza kwenda Kiswahili, huu mwaka wa tatu, na kazi zote nazipata mtandaoni. Jana nilikaa na daftari nikapiga hesabu ya mwezi mzima. Nimeingiza dola 212 kwa saa 118, yaani kama dola 1.80 kwa saa, na hapo bando na umeme bado sijatoa. Iliniuma, maana mwezi huo nilijiona nimechapa kazi kwelikweli.
Nataka nibaki na njia mbili tu. Naomba kila mmoja aseme kinachobaki mkononi, bei ya kwenye tangazo tuiache.

Mama_Nuru (Mombasa)
Pole sana kaka. Mimi nilianza na kazi ya kusikiliza sauti na kuiandika. Tovuti yenyewe ililipa senti 40 kwa dakika, nikasema dakika 30 ni dola 12, nitakuwa nazimaliza kabla mtoto hajaamka. Kumbe dakika inayohesabiwa ni ya sauti, si ya kazi yako. Faili la kwanza lilikuwa mkutano, watu wanadakiana maneno na kipaza sauti kiko mbali. Lilinichukua saa nne. Piga mwenyewe: dola 3 kwa saa.
Ila sitaitukana. Huombi kazi kwa mtu. Unafungua saa nane usiku, unachukua faili, unafanya. Kwa mwenye mtoto mchanga ilinifaa, ingawa ni kazi ya kuvukia tu.

Kipanga_KE (Nairobi)
Upwork, jukwaa ambalo unaomba kazi zinazotangazwa na wateja, wengi huangalia makato ya jukwaa peke yake. Zamani yalikuwa 20% kwa dola 500 za kwanza za kila mteja, 2023 yakawa 10% kwa wote, na tangu 2025 yanatofautiana kati ya 0 na 15% kulingana na mkataba. Kinachokula watu ni maombi. Kila ombi unalilipia kwa Connects, yaani vitokeni vya kuombea kazi, na kimoja ni senti 15. Tuseme kazi inataka Connects 12: hiyo ni dola 1.80 kwa ombi moja, sawa na saa yako nzima, Fundi! Ukituma maombi 20 ushatoa dola 36. Ukipata kazi moja ya dola 50, ukakatwa 10%, unabaki na dola 9, na hata neno la kwanza hujatafsiri.
Kwa hiyo mimi siombi kazi ambayo tayari ina waombaji 50. Naomba tatu au nne kwa wiki, zile ambazo maelezo yake yanaonyesha mteja anajua anachotaka. Na ukiwa mgeni, anza na bei ya chini upate nyota za sifa kutoka kwa wateja.

Mama_Nuru (Mombasa)
Hapo kwa bei ya chini sikubaliani nawe. Mteja uliyempata kwa senti 1 kwa neno hakupandishii kamwe, anatafuta mgeni mwingine. Na sisi wenyewe ndio tunaoshushiana, Mkenya anataja 2, Mtanzania anataja 1, halafu wote tunalalamika.

Zuhura_Tz (Dar)
Fiverr, ambako unatangaza huduma yako na bei yake, makato ni 20%, hayapungui. Ukiuza kwa dola 5 unapata 4. Lakini hulipii maombi, mteja anakufuata mwenyewe, hivyo saa nisizolipwa ni chache. Kilichonisaidia ni kuacha kuandika “natafsiri kila kitu”. Sasa nauza kitu kimoja, maandishi ya vifungashio vya dawa na vipodozi, na bei ya kuanzia ni dola 30. Miezi miwili ya mwanzo ilikuwa kimya kabisa, nisikufiche.

Fundi_Maneno (Morogoro)
Ahsanteni. Na hawa wateja wa moja kwa moja mnawatoa wapi? Kuna mmoja wa Upwork anataka tuhamie WhatsApp, eti tugawane yale makato.

Babu_Kamusi (Unguja)
Usihame, mwanangu. Masharti ya Upwork yanakufunga miaka miwili na mteja uliyekutana naye pale. Akaunti ikifungwa, na sifa zako zote zinakwenda nayo. Tena akikudhulumu huko WhatsApp huna pa kushtaki.
Wateja wangu ni kampuni za tafsiri. Wengi niliwapata ProZ, mtandao wa watafsiri ulioanza 1999. Pale pana Blue Board, watafsiri wanaandika kama wangekubali tena kufanya kazi na kampuni fulani. Sigusi kazi kabla ya kusoma hapo. Jukwaani nilikuwa nikipata senti 2 kwa neno, kampuni hizi zinanipa 6. Mwongozo wa maneno 10,000 ni dola 600 badala ya 200, na kichwa kinachochoka ni kilekile.
Ubaya wake ni kusubiri. Unapeleka ankara, fedha zinakuja baada ya siku 30, pengine 60. Kampuni moja ilinizungusha miezi mitano, nami wakati huo nadaiwa kodi ya nyumba. Tangu hapo mteja mpya asiye na rekodi ananipa nusu kwanza.

Kipanga_KE (Nairobi)
Hizo siku 60 ndizo zinanibakisha Upwork. Kazi ya kulipwa kwa saa inalipwa kila wiki.

Fundi_Maneno (Morogoro)
Basi nimeamua. Upwork nitaomba tatu kwa wiki, si chini ya senti 4 kwa neno, hiyo iwe hela ya chakula. Saa zilizobaki zote naandikia kampuni. Babu, wasifu wangu una kurasa nne, je, ni nyingi?

Babu_Kamusi (Unguja)
Nyingi. Ukurasa mmoja: jozi ya lugha, fani mbili, maneno unayomaliza kwa siku, na bei. Nitumie kwa ujumbe wa ndani nikupitishie kesho baada ya alasiri.