Programu ni ya bure, lakini bando linatufungia mlango

Wanajukwaa, habari za asubuhi. Nimekasirika, na naomba mnisome hadi mwisho.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa korosho huku Tandahimba. Mwezi uliopita tulikubaliana kuhamisha mazungumzo yetu kutoka WhatsApp kwenda Signal, programu nyingine ya bure ya kutumiana ujumbe, na hatukukurupuka. Ni kweli kwamba ujumbe wa WhatsApp nao umefungwa kwa siri, usomwe na mtumaji na mpokeaji tu, tena kwa utaratibu uliobuniwa na watu wa Signal wenyewe, lakini taarifa za nani anawasiliana na nani, na saa ngapi, ni jambo jingine. Mwaka 2016 waendeshaji wa Signal walipotakiwa kisheria nchini Marekani kutoa taarifa za watumiaji, walichokuwa nacho ni tarehe ya kujiandikisha na siku ya mwisho ya kuingia, basi. Sisi tunaotumiana uzito wa magunia na namba za akaunti za benki tuliona hapo ndipo mahali petu.

Kumbe wengi wetu hununua bando la mitandao ya kijamii la siku moja, kwa kuwa ndilo wanaloliweza, na bando hilo linafungua WhatsApp na Facebook huku Signal ikiachwa nje. Hakuna aliyetuambia. Siku ya mnada nilituma bei saa nne asubuhi ili wanachama wawahi mkutano wa kuikubali au kuikataa. Wazee kumi na mmoja waliupata ujumbe ule usiku, walipowekewa bando la kawaida na watoto wao, wakati korosho zao zilikwishaamuliwa bila wao. Mzee mmoja alinijia nyumbani kuniuliza nilimficha kwa sababu gani. Sikuwa na la kumjibu.

Nilipopiga huduma kwa wateja ya kampuni yetu ya simu, nikaelekezwa kununua bando kubwa zaidi. Huo si msaada! Mteja amelipia MB zake. Kwa nini achaguliwe programu ya kuzitumia? Kama wanashindwa kuiongeza Signal, basi waandike kwenye menyu, kabla hatujalipa, ni programu zipi zinazofunguka.

Walioko Newala, Masasi na Nachingwea, mnatumia laini gani ambayo bando lake dogo linaipokea Signal? Naomba majibu kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo kikundi kinakaa kuamua kama tubaki, na hadi jana jioni wanachama tisa walikuwa wamekwisharudi WhatsApp.