Naomba ushauri: bonanza la riadha la wakongwe
Ndugu zangu, hapa Arusha tunaandaa bonanza la kirafiki la wanariadha wakongwe, yaani wenye miaka 35 na kuendelea, na kwa kuwa kanuni za kimataifa huwagawa katika makundi ya miaka mitano mitano, nahofia kwamba baadhi ya makundi, hasa ya akina mama waliovuka miaka 60, yatabaki na mshiriki mmoja. Je, ni haki kuyaunganisha katika mbio, huku kila kundi likipewa matokeo yake? Tufe halina utata: kilo 5 kwa wanaume wa miaka 60 hadi 69. Kinachonikosesha usingizi ni afya. Mzee mwenye shinikizo la damu akifika bila cheti cha daktari, tumzuie, au kipimo cha pale uwanjani kinatosha? Waliowahi kusimamia mashindano ya namna hii, naomba mnielekeze.